Miji Inayopungua Watu: Nyumba Tupu Hubomolewa, Mitaa Haihami

Bomoabomoa wanayoijua wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi ni ile ya kupisha barabara, reli au bonde la mto, ambapo anayevunjiwa yumo ndani ya nyumba yake na hataki kutoka. Katika baadhi ya miji ya Marekani, Ujerumani na Japani tatizo ni jingine kabisa: watu wamekwisha kuondoka, na nyumba ndizo zilizobaki. Serikali za miji hiyo zimetumia mamilioni ya fedha za umma kubomoa nyumba zisizo na mtu. Baadhi zikaazimia hatua ya pili, yaani kuwahamisha wakazi wachache waliosalia katika mitaa iliyogeuka mahame na kuwapeleka kwenye mitaa yenye uhai, ili mji upungue eneo kama ulivyopungua watu. Hatua ya kwanza imefanyika kwa wingi. Ya pili, mahali ambapo kila nyumba ina mwenyewe, karibu haijafanyika kabisa, na ni makosa kudhani kwamba sababu ni uzembe wa watendaji. Sababu zimo katika namna miji inavyopungua, katika umiliki wa nyumba, na katika kumbukumbu za watu waliowahi kuhamishwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Detroit, katika jimbo la Michigan. Sensa ya mwaka 1950 ilihesabu wakazi 1,849,568. Ya mwaka 2010 ikahesabu 713,777, na ya mwaka 2020 ikahesabu 639,111. Mji huo uliopoteza takriban theluthi mbili ya watu wake haukupoteza eneo lolote: bado una kilomita za mraba zipatazo 360, na sehemu kubwa ya eneo hilo ilijengwa nyumba ndogo za familia moja moja, kila moja katika kiwanja chake. Viwanda vya magari vilianza kuhamia nje ya mji miaka ya 1950, kwenye ardhi pana na nafuu. Barabara kuu mpya, pamoja na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali kuu, ziliwapeleka Wazungu vitongojini, huku Wamarekani Weusi wakinyimwa mikopo hiyohiyo kwa sababu ya mitaa waliyoishi na rangi yao. Machafuko ya mwaka 1967 yaliharakisha uhamaji uliokwisha kuanza, na baadaye familia za Weusi zenye kipato cha kati nazo zikahama zilipopata nafasi. Pigo la mwisho lilikuwa la mikopo ya nyumba yenye masharti mabaya na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008: kati ya mwaka 2000 na 2010 pekee Detroit ilipoteza watu zaidi ya 237,000, yaani robo ya wakazi wake.

Ni rahisi kusoma takwimu hizo na kudhani kwamba nyumba zote zilizobomolewa baadaye ziliachwa na wenyewe kwa hiari. Si hivyo, na hapa pana jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine yote. Sheria ya Michigan ya mwaka 1999 inasema kwamba mwenye nyumba asipolipa kodi ya majengo kwa muda wa miaka mitatu, kaunti huichukua nyumba hiyo na kuipiga mnada. Lengo lilikuwa jema: nyumba zenye madeni na hati zenye utata zisikae miaka kumi bila mtu wa kuzisimamia. Lakini bei za nyumba zilipoanguka mwaka 2008, makadirio ya kodi ya Detroit yalibaki juu, ingawa katiba ya jimbo inakataza nyumba kukadiriwa zaidi ya nusu ya bei yake sokoni. Uchunguzi wa gazeti la Detroit News uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wenye nyumba walitozwa kodi ya ziada isiyopungua dola milioni 600 kati ya mwaka 2010 na 2016.

Kwa hiyo mstaafu aliyemaliza deni la nyumba yake zamani, na ambaye hakuwa na deni lingine lolote, angeweza kuipoteza kwa kushindwa kulipa kodi ambayo kisheria hakupaswa kutozwa. Nyumba ikienda mnadani, bei ya kuanzia katika duru ya mwisho ilikuwa dola 500. Wanunuzi wengine walichukua nyumba kwa makumi, wakazipangisha bila kuzikarabati, nao hawakulipa kodi, na baada ya miaka mitatu nyumba zilezile zikarudi mnadani zikiwa hoi zaidi. Makumi ya maelfu ya nyumba yalipitia mkondo huo. Sehemu ya nyumba tupu ambazo serikali ilikuja kuzibomoa kwa fedha za umma ziliachwa tupu kwa mkono wa serikali yenyewe.

Nyumba ya mbao ikikosa mtu katika nchi yenye baridi kali, haichukui muda mrefu kuharibika. Wezi huingia kwanza wakitafuta shaba: hung'oa mabomba, nyaya na tangi la maji ya moto, na kama maji hayakufungwa kutoka barabarani, hujaa katika chumba cha chini ya ardhi. Msimu wa baridi ukifika, maji yaliyobaki kwenye mabomba huganda na kuyapasua. Mvua hupenya paa, sakafu huoza, na hatimaye mtu hutia moto. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba ulikuwa na sifa mbaya Detroit kwa sababu ya uchomaji wa nyumba. Mwaka 1984, katika siku tatu za kipindi hicho, zimamoto walihesabu matukio ya moto zaidi ya 800. Jirani anayeishi mita nne kutoka kwenye nyumba kama hiyo halali kwa amani. Bima ya nyumba yake hupanda, bei yake hushuka, na benki haitamkopesha mtu anayetaka kuinunua. Anayetaka kuhama hawezi kuuza, na anayebaki anajua kwamba nyumba moja ikiungua ya kwake inaweza kufuata. Wapangaji wa miji husema utupu huambukiza, na mtu aliyekaa katika mtaa kama huo hahitaji utafiti ili aamini.

Hiyo ndiyo sababu wakazi wenyewe ndio waliodai ubomoaji kwa sauti kubwa. Mwaka 2014, wakati Detroit ilikuwa bado katika mchakato wa kufilisika uliofunguliwa mahakamani Julai 2013, kikosi maalumu kilikagua viwanja takriban 380,000, yaani mji wote, na kukuta majengo na viwanja 84,641 vilivyoharibika au vilivyoelekea kuharibika. Kilipendekeza majengo yapatayo 40,000 yabomolewe haraka, kwa gharama ya dola milioni 850 kwa upande wa makazi peke yake. Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika mfuko wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 2010 ili kuwasaidia wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo wasifukuzwe. Mwaka 2013 Wizara ya Fedha ya Marekani iliruhusu Michigan itumie sehemu ya fedha hizo kubomolea, na Detroit ikapata zaidi ya dola milioni 250. Fedha zilizokusudiwa kumweka mtu ndani ya nyumba yake zikaishia kuivunja nyumba baada ya mtu kutoka. Naelewa mantiki ya walioamua hivyo, kwani mitaa ilikuwa inaungua, lakini siwezi kusema kwamba waliopoteza nyumba katika miaka hiyohiyo walitendewa haki. Zilipokwisha fedha hizo, wapiga kura wa Detroit waliidhinisha Novemba 2020 hati fungani ya dola milioni 250 ili kubomoa maelfu mengine ya nyumba na kuokoa zile zinazofaa.

Kazi yenyewe huanza kabla ya mashine kufika. Gesi hukatwa kutoka barabarani, maji na umeme hufungwa, na mkaguzi hupita chumba kwa chumba akitafuta asbestosi kwenye mabomba ya kupashia joto, vigae vya sakafu na kuta za nje. Siku ya kubomoa, mfanyakazi mmoja husimama na mpira wa maji akilowesha vumbi huku ekskaveta ikivuta paa chini, kisha ukuta mmoja baada ya mwingine, na nyumba iliyokaliwa miaka 80 huwa rundo la mbao katika muda wa saa chache. Kinachochelewesha ni shimo. Nyumba nyingi za Detroit zina chumba chini ya ardhi, na kuta zake lazima zing'olewe, shimo likaguliwe likiwa wazi, lijazwe udongo, kisha juu iwekwe tabaka la udongo wenye rutuba na mbegu za nyasi. Udongo huo umezusha malalamiko na uchunguzi, kwa sababu mkandarasi anayetaka kuokoa fedha hushawishika kujaza shimo kwa kifusi chochote. Vumbi nalo ni hatari halisi. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za mji huu ni za kabla ya hapo. Watafiti wa idara ya afya ya Detroit walikuta uhusiano kati ya ubomoaji wa jirani na ongezeko la risasi katika damu ya watoto wadogo. Gharama ya nyumba moja, ukijumlisha yote hayo, ilipita dola 10,000.

Hadi hapo ni ubomoaji. Sasa tuje kwenye kuunganisha mitaa, ambako hesabu hubadilika. Chukulia mtaa mmoja uliokuwa na nyumba 40, zimebomolewa 35, zimebaki tano: moja mwanzo wa mtaa, mbili katikati, mbili mwisho. Bomba la maji lililopita mbele ya nyumba 40 halikupungua urefu, na likipasuka gharama ya kulitengeneza ni ileile. Gari la taka linapita urefu uleule. Taa za barabarani, bomba la majitaka, gari la kuondoa theluji, njia ya basi na gari la zimamoto lazima vifike kwenye nyumba ya mwisho. Mji umetumia zaidi ya dola 350,000 kuondoa nyumba 35, lakini gharama yake ya kuuhudumia mtaa huo imebaki karibu palepale, na wanaolipa kodi ni watano. Akiba huanza kuonekana siku mkazi wa mwisho anapohama, si kabla yake. Ugumu zaidi ni kwamba hakuna aliyepanga nani aondoke, kwa hiyo utupu umetawanyika mji mzima kama matobo ya nondo katika shuka: matobo ni mengi, lakini huwezi kuikunja shuka mahali yalipo peke yake. Wakazi wanaobaki katika mitaa hiyo mara nyingi ni wazee wenye nyumba zisizo na deni, ambao nyumba hiyo haina bei sokoni lakini ndiyo mali yao yote.

Mji wa Flint, ulio umbali wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka Detroit, unaonyesha kwamba miundombinu mikubwa kuliko watu haileti hasara ya fedha peke yake. Flint ilikuwa na watu 196,940 mwaka 1960 na 81,252 mwaka 2020. Mfumo wake wa maji ulijengwa kwa mji wa watu laki mbili na viwanda vya General Motors. Watumiaji walipopungua, maji yakawa yanakaa muda mrefu ndani ya mabomba mapana, na maji yanayotuama hupoteza klorini. Aprili 2014 msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo alihamishia mji kwenye maji ya Mto Flint ili kuokoa fedha, na maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu katika mabomba. Risasi ikaingia katika maji ya kunywa ya mji mzima. Kosa lilikuwa la watu walioamua, wala sitaki kulibebesha mabomba. Lakini mji wenye mabomba ya watu laki mbili na walipa ankara wasiofika nusu yao ndio uliosukumwa kutafuta maji ya bei ya chini.

Detroit ilijaribu kulikabili jambo hili uso kwa uso. Dave Bing, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, alianza mwaka 2010 kuzungumza hadharani juu ya kuelekeza huduma kwenye mitaa yenye watu na kuwatia moyo wengine wahamie huko. Mikutano ya wananchi ilijaa, na wengi walikuja na swali moja: mtaa wangu umo au haumo? Mwaka 2012 ikatolewa mipango ya kupunguza taa za barabarani kutoka 88,000, ambazo takriban asilimia 40 hazikuwa zikiwaka, hadi 46,000, zikiwekwa hasa pale penye wakazi wengi. Mpango mkubwa wa maendeleo uliotolewa Januari 2013 kwa jina la Detroit Future City uliugawa mji katika kanda, baadhi zikiwa za kuboreshwa na nyingine za kugeuzwa polepole kuwa misitu midogo, mabwawa ya maji ya mvua na mashamba, kwa mtazamo wa miaka 50, huku ukiahidi kwamba hakuna atakayelazimishwa kuhama.

Kilichotokea baadaye kinaeleza mengi. Meya Mike Duggan alipoingia madarakani Januari 2014, mamlaka mpya ya taa ilifunga taa 65,000 mpya, na kazi hiyo ilipokamilika Desemba 2016 mitaa yote ya makazi ilikuwa na mwanga, pamoja na ile yenye nyumba mbili tatu. Kisiasa hakukuwa na njia nyingine. Kumzimia taa mlipa kodi ili aondoke mwenyewe ni kumfukuza bila fidia, na watu walilitambua hilo mara moja, kwa sababu walikwisha kufukuzwa kabla. Katika miaka ya 1950 na mapema ya 1960, kitongoji cha Weusi cha Black Bottom kilibomolewa kwa jina la kuufanya mji upya, na juu ya mtaa wake wa biashara wa Hastings ikapitishwa barabara kuu. Wengi wa wakazi walikuwa wapangaji na hawakupata fidia ya maana. Mwaka 1981 mji ulichukua eneo la Poletown, lenye wakazi zaidi ya 4,000 na makanisa yao, ukalikabidhi kwa General Motors ijenge kiwanda. Mahakama ya Juu ya Michigan iliruhusu, kisha mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ikatengua msimamo wake katika kesi nyingine, wakati Poletown haipo tena. New York nayo ilikuwa na funzo lake: mwaka 1976 Roger Starr, aliyesimamia nyumba katika serikali ya mji huo, alipendekeza huduma zipunguzwe katika mitaa iliyokuwa ikipoteza watu, na katika Bronx Kusini, ambako vituo vya zimamoto vilikuwa vimefungwa na majengo yakiungua, kauli hiyo ilieleweka kama hukumu.

Youngstown, mji wa chuma katika jimbo la Ohio, ulijaribu njia ya hiari. Sensa ya mwaka 1930 iliukuta na watu 170,002. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa, na maelfu ya ajira yakapotea. Mwaka 2020 walibaki watu 60,068. Mpango uliopitishwa mwaka 2005 ulisifiwa kote Marekani kwa sababu ulikubali wazi kwamba mji hautarudia ukubwa wake wa zamani na kwamba unapaswa kujipanga kuwa mji mdogo ulio mzuri. Katika mitaa iliyokaribia kuwa tupu, wakazi waliahidiwa hadi dola 50,000 wakikubali kuhamia kwingine ndani ya mji. Mwitikio ulikuwa hafifu mno. Mtu wa miaka 70 anayelima bustani katika kiwanja cha jirani aliyeondoka, na ambaye watoto wake walikulia hapo, haoni kwa nini ahame kwa kuwa ramani imepakwa rangi ya kijani.

Je, kuna mahali ambapo mitaa imehama kweli? Ndiyo, Ujerumani Mashariki, na inafaa kuelewa kwa nini huko iliwezekana. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 viwanda vilifungwa, vijana wakaenda magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 makazi zaidi ya milioni moja yalikuwa matupu. Serikali ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kujenga upya miji ya mashariki, uliogharamia ubomoaji kwa kila mita ya mraba na kuzifutia kampuni za nyumba sehemu ya madeni ya zamani. Katika mwongo mmoja hivi, makazi yapatayo 300,000 yaliondolewa. Mengi yalikuwa katika majengo ya ghorofa ya vipande vya zege, na mmiliki alikuwa kampuni ya manispaa au chama cha ushirika cha nyumba. Mmiliki mmoja aliweza kuwaambia wapangaji wa jengo lililobaki na familia sita: tunawapa nyumba iliyokarabatiwa mitaa miwili kutoka hapa, gharama za kuhama tunabeba sisi, na mkataba wenu unaendelea. Halafu jengo zima likaondolewa, ikiwezekana kutoka pembezoni kuelekea katikati, ili bomba la mwisho likatwe kweli. Leinefelde, mji mdogo wa Thuringia, haukubomoa kila kitu. Ghorofa za juu zilinyanyuliwa na kuondolewa kipande kwa kipande, na jengo likabaki fupi, lenye roshani na bustani.

Hata huko ubomoaji ulikuwa na majuto yake. Leipzig, iliyokuwa na watu wapatao 530,000 mwaka 1989, ilishuka hadi karibu 437,000 mwaka 1998, na nyumba zake nzuri za karne ya kumi na tisa zilikuwa zikioza. Baadhi zilivunjwa. Nyingine zilinusurika kwa sababu kikundi cha wananchi kilianza mwaka 2004 kuwaunganisha wamiliki na watu waliokubali kuzitumia na kuzitunza bila kodi ya pango, wakilipia gharama za uendeshaji tu. Leo Leipzig imepita watu 600,000 na nyumba hazitoshi.

Japani nayo ina nyumba tupu nyingi mno: takwimu za mwaka 2023 zilihesabu milioni tisa, karibu asilimia 14 ya nyumba zote za nchi. Sehemu ya chanzo ni kifungu kimoja cha kodi. Kiwanja kidogo chenye nyumba hutozwa kodi kwa moja ya sita tu ya thamani yake, kwa hiyo mrithi anayeishi Tokyo akiibomoa nyumba ya marehemu bibi yake kijijini, kodi yake hupanda mara kadhaa. Akiiacha ianguke yenyewe, hulipa kidogo. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015 iliruhusu manispaa kuondoa nafuu hiyo kwa nyumba zilizo hatarishi. Kuhusu kuunganisha mitaa, Yubari katika kisiwa cha Hokkaido ndiyo iliyokwenda mbali. Mji huo wa makaa ya mawe ulikuwa na watu 116,908 mwaka 1960. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1990, manispaa ikafilisika mwaka 2007, na sasa watu hawafiki 8,000. Shule za msingi ziliunganishwa zikabaki moja. Wakazi wa nyumba za umma zilizotawanyika bondeni walihamishiwa majengo machache yaliyo karibu. Na hapa pia nyumba zilikuwa za umma.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza mengi. Pale mmiliki ni mmoja, naye analazimika kumpa mpangaji nyumba bora kabla ya kumtoa, mtaa unaweza kuhama. Pale wamiliki ni maelfu na kinachotolewa ni ahadi, hauhami. Detroit yenyewe imelithibitisha hili katika kona yake ya kusini magharibi. Ujenzi wa daraja jipya la Gordie Howe la kwenda Canada ulipoongeza malori karibu na Delray, mji uliwapa baadhi ya wenye nyumba waliokuwa kando ya barabara kuu nafasi ya kubadilishana: mtu akabidhi nyumba yake, achukue nyingine iliyokarabatiwa, katika mtaa aliouchagua, kutoka benki ya ardhi, yaani shirika la umma linaloshikilia nyumba na viwanja vilivyoachwa. Watu walikubali. Walikuwa wanaiona nyumba yenyewe, jiko lake na paa lake, na hawakuulizwa tofauti ya bei. Utaratibu kama huo ni ghali, na hauwezi kuhamisha mji mzima, lakini kwa mtaa wenye familia tatu unaweza kuwa nafuu kuliko miaka 30 ya kutunza bomba.

Kwa mitaa mingine, kazi iliyoleta faida ni ile inayomsaidia aliyebaki. Benki ya ardhi ya Detroit humuuzia mwenye nyumba kiwanja kitupu kinachopakana na chake kwa dola 100, na maelfu wamenunua. Kiwanja kinapata mtu wa kukifyeka, na mwenye nyumba anapata bustani au mahali pa watoto kucheza. Huko Philadelphia, watafiti walichukua viwanja vitupu 541, wakavigawa kwa bahati nasibu, baadhi vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa maskini matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 palipofanyiwa kazi hiyo. Gharama ya kukisafisha kiwanja kimoja ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kubomoa nyumba moja, na kama ningekuwa diwani wa mji unaopungua, bajeti hiyo ndiyo ningeitetea kwanza.

Nyumba tupu zilizo mikononi mwa benki ya ardhi ya Detroit zimeshuka kutoka zaidi ya 40,000 mwaka 2014 hadi elfu chache mwongo mmoja baadaye, kwa kubomolewa na kwa kuuzwa zikarabatiwe, na makadirio ya sensa ya mwaka 2023 yalionyesha idadi ya wakazi ikiongezeka kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1957. Vilivyobaki ni viwanja: benki hiyo bado inashikilia makumi ya maelfu, na vingine vingi viko kwa walanguzi wanaosubiri bei ipande huku wakilipa kodi kidogo, kwa sababu kodi hufuata jengo na wao hawana jengo. Mwaka 2023 Duggan alipendekeza mfumo ugeuzwe, kodi ya jengo ipungue na ya ardhi ipande, ili anayekarabati asiadhibiwe na anayekalia kiwanja kitupu asinufaike. Hilo lilihitaji sheria ya jimbo, na bunge la Michigan halikuipitisha mwaka huo.